Noti za Zamani Katika Masanduku ya Wazee Wetu: Namna ya Kuzitambua, Kuzithamini na Hukumu Zake

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), na ali zake na sahaba zake na wote wenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'ad.

Tumeletewa suali ambalo kwa sura yake ni la familia moja, lakini tunaamini linazihusu nyumba nyingi za Unguja na Pemba.

SUALI

Assalamu 'alaykum. Masheikh wetu, baba yetu alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hivi karibuni tulifungua sanduku lake la njumu, tukakuta chini ya hati za shamba noti nne za zamani. Kaka yetu mkubwa amempata mtu anayetaka kuzinunua zote kwa shilingi laki tatu. Mtu huyo anasema pesa hizi zimekufa, benki hawazipokei, na anatusaidia tu. Warithi ni mama yetu, kaka, mimi, na ndugu yetu mwengine aliyefariki baada ya mzee akaacha mke na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Tunauliza: je, inajuzu kuuza pesa kwa pesa nyingi kuliko zilivyoandikwa? Je, bei hii ni ya haki? Na tugawane vipi?

JIBU

Wa 'alaykumus salam warahmatullahi wabarakatuh. Kwa ufupi: noti zilizokwisha kuondolewa katika matumizi zinajuzu kuuzwa kwa bei yoyote watakayoridhiana wenye mali na mnunuzi. Lakini msiziuze sasa. Zuieni kwanza mpaka mjue mlichonacho, kwa sababu ndani yake mna haki ya yatima, na haki ya yatima haiuzwi kwa kukisia.

Tuliwaomba ndugu zetu hawa watupigie picha za noti hizo mbele na nyuma, wakafanya hivyo. Moja ni ya rupia 5 ya Serikali ya Zanzibar. Ya pili ni ya shilingi 5 ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye picha ya jahazi. Mbili zilizobaki ni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 1966, moja ya shilingi 20 na moja ya shilingi 100. Mnunuzi amezitia zote katika fungu moja na kuzipa bei moja. Hapo ndipo penye khatari, kwa sababu thamani ya noti hizi haifanani hata kidogo. Tutaeleza noti hizi ni zipi, kisha tutarudi katika hukumu.

NOTI ZA RUPIA ZA ZANZIBAR

Kabla ya rupia, Zanzibar ilikuwa na riyali, na zamani za Sayyid Barghash zilitengenezwa sarafu zenye jina lake na mwaka wa Hijria 1299. Tarehe 1 Januari 1908 ndipo rupia ya Zanzibar ilipoanza kuwa pesa rasmi, ikiwa na thamani sawa na rupia ya India iliyokuwa ikitumika pamoja nayo visiwani. Mwaka huo huo Serikali ikatoa noti za rupia 5, 10, 20, 50 na 100. Mwaka 1920 zikaongezwa noti za rupia 1 na za rupia 500.

Alama zake ni hizi. Imeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni ya Serikali ya Zanzibar. Thamani yake ni kwa rupia, si kwa shilingi. Chini upande wa kushoto pana picha ya jahazi, na chini upande wa kulia pana picha ya watu wakichuma karafuu. Juu yake huwa na tarehe, na tarehe hizo ni za kati ya 1908 na 1928. Hakuna sura ya mfalme wala ya rais.

Kwa nini zimekuwa adimu? Tarehe 1 Januari 1936 Zanzibar iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, na kila rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mwenye noti ya rupia 5 akaipeleka, akapewa shilingi saba na nusu. Noti zilizorudishwa ziliharibiwa, kama ilivyo kawaida ya serikali zote. Kwa hivyo zilizobaki mikononi mwa watu ni zile zilizosahauliwa ndani ya kitabu, zilizofichwa ndani ya kasha, au ambazo mwenyewe alifariki bila ya kumwambia mtu.

Ukifikiri hivi utaelewa pia kwa nini noti kubwa ni adimu zaidi kuliko ndogo. Mtu aliweza kusahau rupia 5. Ni nani zamani hizo aliyeweza kusahau rupia 100, seuze 500? Ndiyo maana noti yoyote ya Serikali ya Zanzibar, hata iliyochakaa na kukunjika, ina wakusanyaji wanaoitafuta katika minada ya London na kwengineko. Na bei ya noti hizi huhisabiwa kwa mamia na maelfu ya dola, si kwa shilingi za sokoni.

Jambo la kuzingatia ni kuwa si kila noti yenye jahazi ni ya Zanzibar. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi, na tutalieleza hapa chini.

NOTI ZA BODI YA AFRIKA MASHARIKI

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Ilianza na florini, na mwaka 1921 ikaleta shilingi ambayo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar kuanzia 1936. Noti zake nyingi zina sura ya mtawala wa Uingereza: Mfalme George wa Tano, kisha Mfalme George wa Sita, kisha Malkia Elizabeth wa Pili. Sura hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua zama za noti.

Noti za shilingi 5, 10 na 20 za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilichapishwa kwa wingi, na ziliobaki ni nyingi. Ikiwa imechakaa, thamani yake ni ndogo. Ikiwa haijakunjwa hata mara moja, mambo hubadilika. Noti za mwanzo kabisa za Bodi, na zile kubwa za shilingi 1,000 na 10,000, ni adimu sana.

Mwaka 1964 Bodi ilitoa noti zisizokuwa na sura ya Malkia. Zina picha ya chombo cha tanga juu ya maji, na hapo ndipo watu hukosea wakadhani ni noti ya Zanzibar. Ziwa lililochorwa pale ni la Victoria. Tazameni maandishi: imeandikwa Bodi ya Afrika Mashariki, na thamani yake ni kwa shilingi. Noti hii ndiyo iliyomo katika sanduku la ndugu zetu hawa. Ni nzuri kuitazama na ni kumbukumbu, lakini si adimu kama ile ya rupia.

NOTI ZA BENKI KUU YA TANZANIA

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo zikatoka noti za shilingi 5, 10, 20 na 100 zenye sura ya Mwalimu Nyerere akiwa bado kijana. Hazina tarehe. Ndogo zake zinapatikana kwa wingi. Noti ya shilingi 100 ina namna mbili, na tofauti iko nyuma yake: moja ina picha ya Mmasai akichunga mifugo, na nyengine ina picha za wanyama mbalimbali. Yenye Mmasai ndiyo inayotafutwa zaidi. Basi anayekuonesha mbele ya noti peke yake hajakuonesha kitu. Na tuliyoletewa sisi ni ile yenye Mmasai.

Ama noti za karibuni, wengi wetu tunakumbuka kuwa Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025. Walioziweka wakitaraji utajiri tunawanasihi wasitumai kitu. Uadimu hauletwi na umri peke yake. Noti hizo zilichapishwa kwa mamilioni na zipo kila nyumba.

NOTI ZA MJERUMANI

Waliokuwa na wazee wa Bara huenda wakakuta noti za rupia zenye maandishi ya Kijerumani. Za mwaka 1905 zilichapishwa Leipzig kwa ufundi mkubwa, na ile ya rupia 5 ina picha ya simba. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walizingirwa wasiweze kuleta noti kutoka kwao. Wakachapisha noti za muda hapa hapa Afrika Mashariki kwa karatasi yoyote waliyoipata. Hizi za muda zina sura duni na ya kale, mtu akadhani ni hazina kubwa. Ukweli ni kuwa zilitolewa nyingi sana na aghlabu thamani yake ni ndogo.

VIPI NOTI HUTHAMINIWA

Wakusanyaji huangalia mambo matatu: ni noti gani hasa (mtoaji, thamani, tarehe na saini), imebaki kiasi gani duniani, na iko katika hali gani. Noti hutambulishwa kwa namba za orodha kubwa ya noti za dunia iliyoanzishwa na Albert Pick, na muuzaji wa kweli akikutajia bei hukutajia na namba hiyo.

Hali ya noti ndiyo inayowachanganya watu. Noti mpya kabisa ambayo haijawahi kukunjwa huitwa UNC. Ikifuatiwa na XF yenye mkunjo mmoja au michache hafifu, kisha VF ambayo imetumika lakini karatasi bado ina uimara, kisha F, VG na G ambazo zimechakaa, zimechafuka au zimechanika pembeni. Zipo pia taasisi zinazoipima noti na kuipa alama mpaka 70, kisha kuifunga katika kifuko kilichozibwa. Tofauti ya bei baina ya noti ya juu na ya chini ya aina moja inaweza kuwa mara kumi au zaidi. Ishikeni noti karibu na dirisha, muiinamishe kidogo ili mwanga uipige kwa upande. Mikunjo ambayo jicho haliioni kwa kutazama moja kwa moja itajitokeza yote.

Kisha tafuteni bei. Na bei si ile anayoitaka muuzaji katika tangazo la intaneti, kwani kila mtu anaweza kuandika atakalo. Bei ni ile iliyolipwa kweli mnadani, kwa noti ya aina ile ile, tarehe ile ile na hali ile ile. Nyumba za minada zinazojulikana huacha wazi matokeo ya minada yao iliyopita, na kijana yeyote wa skuli mwenye simu anaweza kuyatafuta. Kumbukeni kutoa ujira wa mnada, gharama ya kusafirisha na bima. Kinachobaki ndicho chenu.

MSIISAFISHE

Tunalitaja hili peke yake kwa sababu madhara yake hayarudi. Watu wetu wanapenda usafi, na kheri iko katika usafi, lakini noti ya zamani haioshwi. Haipigwi pasi. Haibandikwi kwa gundi wala selotepu. Haitiwi lamineti. Kila moja katika hizi inaishusha noti thamani, na mkusanyaji mzoefu huigundua mara moja. Iwekeni ikiwa bapa ndani ya bahasha safi ya karatasi au kifuko kigumu cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mifuko laini ya plastiki ya kawaida hutoa mafuta na kuharibu wino. Ikaeni mbali na jua, na mbali na ukuta wenye unyevu, kwani hewa yetu ya bahari na mende wa makabatini ni maadui wakubwa wa karatasi.

NOTI BANDIA

Noti adimu huigwa. Pitisheni kidole taratibu juu ya maandishi. Noti nyingi za zamani zilichapishwa kwa mabamba yaliyochongwa, na wino wake huhisika umeinuka. Kwa kioo cha kukuzia, mistari ya noti ya kweli ni mizima na mikali. Iliyotolewa kwa mashine ya kopi huonesha vitone vidogo vidogo vya rangi. Chini ya taa ya zambarau inayotumiwa madukani, karatasi ya zamani aghlabu hubaki hafifu, na karatasi ya kisasa hung'aa kwa weupe wa buluu. Lakini noti ya kweli iliyooshwa kwa sabuni ya unga nayo hung'aa, basi msihukumu kwa alama moja tu. Mkiikuta noti imetobolewa au kupigwa mhuri wa neno SPECIMEN, hiyo ni ya mfano iliyotolewa na mchapishaji. Haikuwahi kutumika sokoni, lakini msiitupe, nayo ina watu wake.

Na mwenye kujua kuwa noti ni bandia akaiuza kama ya kweli, huyo amefanya ghushi, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amejitenga na mwenye kughushi.

JE, SI RIBA?

Sasa turudi katika suali la kwanza. Wanazuoni wa zama hizi, na miongoni mwao Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, wamekubaliana kuwa noti zinazotumika ni pesa kamili. Zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na Zaka. Sababu yake ni kuwa watu wanazichukulia kuwa ni thamani ya vitu.

Noti iliyoondolewa katika matumizi imepoteza sababu hiyo. Huwezi kununulia mkate. Imekuwa ni bidhaa kama bidhaa nyengine, karatasi yenye historia. Kwa hivyo inajuzu kuuza noti ya rupia 5 kwa shilingi milioni, na hiyo si riba.

Lakini noti inayotumika leo ni jambo jengine. Wapo wanaouza noti ya shilingi 10,000 ya sasa kwa shilingi 15,000 kwa sababu namba yake ni nzuri, au kwa sababu mna tarakimu 786 ambazo baadhi ya watu wanazihisabu kuwa ni badala ya Bismillah. Hizi ni shilingi kwa shilingi, na ziada yake ni riba. Tunaona ni wajibu kujiepusha nayo, hata kama wapo waliojaribu kuitafutia njia. Na kuitakidi kuwa tarakimu hizo zina baraka hakuna asili yake katika Qur-ani wala Sunna.

Vile vile jihadharini na wanaodai kuwa noti au rupia fulani ina nguvu, inavuta mali, au kuna mtu nje anainunua kwa mabilioni lakini kwanza utoe ada ya usajili. La kwanza ni mlango wa ushirikina na la pili ni wizi. Mnunuzi wa kweli ndiye anayekulipa. Hakuombi umlipe.

BEI YA HAKI NI IPI?

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikataza watu wa mjini kuuendea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni, na akampa mwenye bidhaa khiyari pindi atakapofika sokoni na kujua bei. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kupunjwa bei peke yake hakubatilishi mauzo ya mtu mzima mwenye akili zake. Lakini katika sura hii ya msafara, mwenye mali aliyepunjwa hupewa khiyari ya kuyavunja mauzo, kwa sababu mnunuzi alimuwahi kabla hajajua.

Anayekuja nyumbani kwa mjane, akatazama sanduku na kusema "hizi zimekufa", naye anajua minada ya London inazililia, amefanana sana na yule aliyeuendea msafara njiani. Kukaa kimya juu ya bei ni jambo moja. Kusema uongo ni jambo jengine, na mwenye kusema uongo katika biashara ameiondoshea baraka. Tunawaambia ndugu zetu wanaofanya biashara hii, na wamo miongoni mwao watu wema: semeni kweli, mpate faida yenu ya halali na dua ya mama mwenye sanduku.

Njia nzuri ni kutafuta tathmini mbili au tatu za watu wasiojuana, kwa picha tu, bila ya kuiachia noti mikononi mwa mtu. Njia nyengine ni mnada, nao unajuzu. Imepokewa kuwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliuza kitambaa na bakuli kwa kumtafuta mwenye kuongeza. Kilichoharamishwa ni najshi, yaani mtu kupandisha bei asiyekusudia kununua ili amdanganye mwengine. Na mkimtumia dalali, ujira wake ujulikane kabla, muuandike.

HAKI YA WARITHI

Noti hizi ni sehemu ya mali aliyoiacha marehemu, kama shamba na nyumba. Hazikuwa mali ya aliyelifungua sanduku, wala za mkubwa wa nyumba. Kaka akiziuza bila ya idhini, mauzo katika sehemu za wenzake hayasihi. Na sehemu ya mtoto yatima, hata walii wake hana ruhusa ya kuiuza kwa chini ya bei ya mfano wake, yaani bei inayojulikana kwa wenye kuijua bidhaa hiyo. Idhini ya mama yake au ya ami yake haimhalalishii mnunuzi kuidhulumu haki ya mtoto.

Hatua za kugawa ni zile zile: kwanza deni la marehemu ikiwa bado lipo, kisha wasia wake usiozidi thuluthi, kisha mafungu. Tuchukue mfano wa kuhisabia tu, kuwa baada ya gharama zote imebaki shilingi 9,600,000.

Mama, akiwa ni mke wa marehemu mwenye watoto, ana thumni: 1,200,000. Zinazobaki ni 8,400,000 kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja ni mafungu matano, kila fungu 1,680,000. Basi kaka mkubwa ana 3,360,000, dada ana 1,680,000, na ndugu aliyefariki ana 3,360,000.

Fungu la huyu aliyefariki baada ya baba yake halirudi kwa ndugu zake. Linakwenda kwa warithi wake mwenyewe, baada ya deni na wasia wake. Mama yake ana sudusi: 560,000. Mke wake ana thumni: 420,000. Zinazobaki 2,380,000 ni za mwanawe wa miaka tisa. Kwa hivyo mama mzazi atapata jumla ya 1,760,000 kutoka pande zote mbili.

Mkizigawa laki tatu za mnunuzi yule kwa hisabu hii hii, mtoto yule angepata chini ya shilingi elfu sabini na tano. Hapa ndipo inapofahamika kwa nini tumesema zuieni kwanza. Huyu mtoto hakuulizwa, na hajui kuuliza. Sisi wakubwa ndio tutakaoulizwa badala yake.

Na wakiridhiana warithi wote watu wazima kuiweka noti moja kama kumbukumbu ya mzee, inajuzu, kwa sharti kuwa sehemu ya yatima ithaminiwe na alipwe haki yake kwa ukamilifu.

ZAKA YAKE

Noti za zamani zilizowekwa kwa kumbukumbu au kupenda tu hazina Zaka, kwani si pesa tena wala si bidhaa ya biashara. Anayezinunua kwa nia ya kuziuza, huyo ni mfanyabiashara. Kila mwaka atazithamini kwa bei ya soko siku ya kutimia mwaka wake, na atatoa 2.5% zikifika nisabu pamoja na mali yake nyengine ya biashara. Familia iliyouza noti ya urithi haina Zaka ya miaka iliyopita. Kila mrithi pesa yake itaingia katika hisabu zake tangu siku alipoipokea.

NASAHA

Tulimpigia simu kaka mkubwa wa familia hii. Ni mtu mzuri, hakukusudia kumdhulumu mtu. Alidhani kweli ni karatasi zilizokufa, na laki tatu aliziona ni riziki iliyoanguka kutoka mbinguni. Amemuomba radhi mnunuzi na kumwambia asubiri, noti zimewekwa ndani ya bahasha, kila noti na bahasha yake, na orodha imeandikwa na kusainiwa na wote, nakala moja ikabaki kwa mama wa mtoto. Hayo ndiyo tunayomnasihi kila mwenye sanduku nyumbani kwake. Fungueni mbele ya warithi wote, andikeni kilichomo, pigeni picha, kisha ndio mzungumze bei.

Na tunawausia wazee walio hai: mwenye kitu cha thamani amwambie mtu wake au akiandike. Wengi wameacha mali ambayo waliobaki hawakuijua kuwa ni mali.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awarehemu wazee wetu waliotangulia, atujaalie kuchuma halali na kuzifikisha amana kwa wenyewe, na atuhifadhi na kula haki za mayatima.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wa billahi tawfiq.